Miiko ya nyumbani Kigoma na Tabora: ipi uiache ipite, ipi uikatae

Mtoto wa Kasulu akishika ufagio baada ya magharibi atasikia, "Acha, unafagia riziki." Wa Urambo akipiga mluzi gizani ataambiwa anaita nyoka. Mjamzito wa Ujiji akipeleka mkono kwenye sahani ya mayai, shangazi atakohoa. Hakuna anayekaa kitako kuyafundisha maneno haya. Yanamtoka mkubwa yenyewe, na mtoto anayabeba mpaka naye awe mkubwa. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya.

Wengi huanza kwa kuuliza kama yana ukweli. Swali hilo halikufikishi mbali, maana mwiko ni amri, na amri hupimwa kwa kazi yake. Ukiuchambua mwiko wowote utakuta katazo, adhabu na sababu. Katazo na adhabu husemwa, sababu huachwa. Huachwa kwa akili kabisa: mtoto wa miaka mitano hashikwi na maelezo marefu, anashikwa na hofu. Ubaya wake ni kwamba maisha yakibadilika sababu hufa kimya kimya, halafu adhabu inabaki peke yake ikiendelea kutisha watu. Swali linalosaidia ni hili: kuutii mwiko huu kunagharimu nini, na anayelipa ni nani?

Tuanze na ile ya usiku, ambayo ni rahisi. Kufagia usiku kunafukuza riziki. Fikiria chumba chenye sakafu ya udongo na koroboi moja ya mafuta ya taa juu ya kigoda. Mwanga wake unafika hatua mbili tu, na vumbi la sakafuni lina rangi moja na senti iliyodondoka. Anayefagia hapo atasomba pete, sindano, shanga au sarafu, na kesho kuku watakuwa wameshaparura jalala. Ushahidi umo ndani ya mwiko wenyewe. Ikibidi kufagia, kwa mfano chakula kimemwagika au mtoto ametapika, wazee wanaruhusu, ila taka zisitupwe nje. Zikusanywe pembeni zisubiri asubuhi. Kumbe kosa halikuwa kufagia, lilikuwa kutupa vitu visivyoonekana. Leo taa ya umeme ikiwaka, sababu haipo tena. Lakini anayeutii hapotezi kitu, kwa hiyo hakuna haja ya kugombana na bibi juu ya ufagio.

Chumvi nayo haiazimwi usiku. Nyumba nyingine hata jina lake halitajwi giza likiingia, sawa na sindano, ambayo mwenye duka wa zamani alikuwa radhi kukosa senti zako kuliko kukuuzia baada ya magharibi. Mkoa wa Kigoma una historia yake katika hili. Uvinza, karibu na mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakizichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kazi ilifanyika kiangazi, kwa sababu masika mafuriko huzifunika chemchemi na kuyazimua maji yake. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, chumvi hiyo ilisafiri kichwani kwa mtu. Kitu kilichochemshwa kwa mzigo wa kuni na kubebwa mwendo wa siku nyingi hakigawiwi gizani kwa kipimo cha kukisia. Mwiko unampa mwenye chumvi njia ya kukataa bila kuitwa mchoyo. Hapo pana hekima ya ujirani ambayo hata leo ina kazi yake.

Mluzi ni suala jingine. Nyoka hana tundu la sikio. Husikia zaidi mitikisiko ya ardhi na sauti nzito, hasa za mitetemo kati ya 80 na 600 kwa sekunde. Mluzi wa mtu kwa kawaida uko juu ya hapo, hivyo nyoka wako hana habari nawe. Anayeusikia ni jirani. Katika kijiji kisicho na taa, mluzi wa usiku ni ishara: wezi wa ng'ombe huitana kwa mluzi, na walinzi nao huitana kwa filimbi. Sungusungu walipoibuka maeneo ya Wanyamwezi na Wasukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, filimbi na mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada, viliwatoa wanaume wote nje na silaha mikononi. Mtoto anayechezea mluzi saa nne usiku anaamsha kijiji, au anawazoesha watu kupuuza wito wa kweli. Huo ni mwiko wa usalama, ila umevishwa ngozi ya nyoka ili mtoto ausikie.

Dalili na bahati tuzipite upesi. Kiganja cha kulia kuwasha, kope la chini kucheza, kujikwaa mguu wa kushoto wakati wa kutoka safari: hivi havimdai mtu chochote, ni mazungumzo ya asubuhi. Anayesimama kidogo barabarani kwa sababu amejikwaa huenda akakumbuka alichosahau nyumbani. Bundi peke yake anastahili kutetewa, kwa sababu yeye analipa kwa uhai wake. Analia karibu na nyumba yenye mgonjwa, mgonjwa anakufa, bundi anapigwa mawe. Lakini ghala la mahindi lina panya, na bundi hufuata panya. Hulia mara nyingi usiku karibu na nyumba nyingi, ila waliolala hawamsikii. Anayeuguza halali, kwa hiyo anamsikia. Usiku ambao bundi alilia na mgonjwa akaamka salama hausimuliwi na mtu. Ishike hesabu hiyo, itarudi mbele kwenye jambo zito zaidi.

Kwenye chakula gharama inaanza kuonekana. Firigisi ni ya baba. Mama akila, nyumba itaingia balaa. Hapo hata kipofu anaona mwiko umetungwa na nani. Lakini firigisi ni kipande kimoja, acha kiende. Ya mjamzito ndiyo yenye uzito. Anaambiwa akila mayai mtoto atazaliwa na kipara, au atakuwa mkubwa na uzazi utakuwa mgumu. Sababu za zamani zinaweza kuwa mbili. Ya kwanza ni uchumi: kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hadi 15 kwa mtago mmoja kisha anaatamia, kwa hiyo kila yai linaloliwa ni kifaranga kilichopotea. Ya pili inaeleweka zaidi: mahali pasipo na chumba cha upasuaji, mtoto mkubwa anaweza kumuua mama yake, na familia ilijihami kwa kumpunguzia mama chakula.

Gharama yake hailingani na ile ya ufagio. Mama asiyepata protini na madini ya chuma huishiwa damu, na mikoa yetu ina malaria nyingi ambayo nayo inakula damu hiyo hiyo. Mtoto aliyenyimwa tumboni huzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, na huyo ndiye anayeshindwa kunyonya vizuri na kupigwa na baridi. Yai moja lina gramu kama sita za protini safi. Halina nguvu ya kuondoa nywele za mtoto wala ya kumkuza kichwa.

Hata hivyo, kumwambia mama mkwe kwamba ni mshamba hakumletei mjamzito yai. Miiko karibu yote ina mlango wa nyuma, na wazee wanaujua. Ukiuliza kwa adabu, "Mama, kama mayai hayafai, anaruhusiwa nini cha kumpa nguvu?" utashangaa orodha ilivyo ndefu. Dagaa wa ziwa Tanganyika wanaoliwa wazima na mifupa yao wanatoa protini na madini ya kalsiamu. Maharage ya Kasulu yapo, karanga za Tabora zipo, matembele na kisamvu vipo, na limau la kukamulia mboga linasaidia chuma kuingia mwilini. Chai ya rangi isogezwe mbali na mlo, kama saa moja au zaidi, kwa sababu inazuia chuma kufyonzwa. Vidonge vya FEFO, yaani vya madini ya chuma na asidi ya foliki, anavyopewa kliniki avimeze kila siku. Kinyesi kitakuwa cheusi na hilo lisimtishe. Wanawake wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu, na dawa yake ni kumeza usiku baada ya kula. Kitu ambacho bibi hakikatazi lakini kingefaa kukatazwa ni ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni. Unaweza kubeba minyoo, na unazuia chuma kilekile tunachokitafuta.

Tabora ni nchi ya asali, na warina asali wana miiko yao. Kabla ya kwenda porini kwenye mizinga ya magome, mrina halali na mkewe, hajipaki manukato, na akiwa kambini hagombani na mtu. Sehemu ya miiko hiyo ni ufugaji nyuki halisi. Nyuki hutambua harufu kuliko kitu chochote. Nyuki mmoja akichoma, anaachia harufu ya kuwaita wenzake waje wachome palepale, na kemikali kuu ya harufu hiyo ndiyo ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Kwa hiyo aliyekula ndizi njiani, akagusa suruali kwa vidole, kisha akapanda mti kufungua mzinga, amejitangazia vita. Sabuni ya kunukia, pomedi na jasho la ugomvi havimsaidii pia. Akichomwa, akwangue mwiba mara moja kwa ukucha, maana kifuko cha sumu kinaendelea kusukuma sumu baada ya nyuki kuondoka, kisha afukize moshi mahali pale kufunika harufu.

Sasa tazama nusu ya pili ya mwiko huo huo. Mke aliyebaki kijijini naye ana masharti: asitoke nje ya ndoa, asigombane, wengine wanasema asinyoe. Mume akishambuliwa na nyuki au akianguka mtini, kosa linatafutwa nyumbani. Wawindaji wa tembo wa zamani walikuwa na masharti ya namna hiyo kwa wake zao. Kipimo cha nani analipa kinakata hapo kama wembe: nusu moja inamlinda mrina, nusu nyingine inamtafutia mshtakiwa ambaye hakuwepo hata porini.

Kuna miiko iliyo sahihi lakini haijakamilika. Kwenye chemchemi za vilima vya Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, na kwingineko, ni marufuku kuchota maji kwa chungu au sufuria yenye masizi, na ni marufuku kukata miti inayozunguka chanzo. Ukifanya hivyo chemchemi itakauka. Miti inatunza kweli maji na kuzuia udongo kuporomokea kisimani. Chombo kichafu kinachafua kweli maji. Tatizo ni kwamba masizi yanaonekana, kinyesi kilichoyeyuka hakionekani. Ndoo ya plastiki inayong'aa, iliyoshikwa na mkono ambao haukunawa, inapita kwenye mwiko bila kuulizwa. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwapiga wakimbizi wa Burundi waliojazana Kagunga, ufukweni mwa ziwa kaskazini mwa Kigoma, na ziwa kwa macho lilikuwa safi. Mwiko wa namna hii usivunjwe, uongezewe. Maji yachemke mpaka yatokote kwa mapovu makubwa, walau dakika moja kamili, yapoe kwenye chombo kilekile chenye kifuniko, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu ili vidole visiguse maji.

Halafu kuna imani ambayo haina cha kuongezewa wala mlango wa nyuma wa kuuliza. Bibi mwenye macho mekundu ni mchawi. Kwa sababu hiyo wazee wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa mapanga katika mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa. Macho yale yana maelezo ya jikoni. Mwanamke aliyeanza kupuliza moto wa kuni akiwa na miaka saba, kwenye jiko lisilo na dirisha, ana miaka sitini ya moshi machoni. Ongeza ugonjwa wa vikope: maambukizi ya kurudiarudia hukunja ukope kwa ndani, nywele zinakwangua mboni kila anapopepesa, na jicho linabaki jekundu likitoa machozi. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume kwa sababu wao ndio wanaolea watoto, na watoto ndio wenye vimelea. Ukope uliokunjamana unanyooshwa kwa upasuaji mdogo kwa ganzi.

Kigoma imani hiyo imepata wafanyabiashara, wanaoitwa kamchape, wanaoingia kijijini wakidai wanatoa uchawi majumbani. Familia inaambiwa ichange, nyumba inapekuliwa, "hirizi" inachimbuliwa mahali ambapo mchimbaji alijua pa kuchimba, na jina la mtu linatajwa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na bado ipo katika vitabu vya sheria za Tanzania, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa la jinai. Mzee akianza kunong'onwa, ndugu wasisubiri barua ya vitisho. Waende kwa mwenyekiti wa kitongoji na polisi wakiwa na majina ya wanaosema. Mzee asilale peke yake, na jiko lake litobolewe dirisha hata kama ni kwa jembe.

Tulichoahidi kurudia ni hesabu ya bundi, na mahali pake ni kwenye degedege. Mtoto ana homa kali, ghafla anakaza mwili, macho yanapinduka, mikono na miguu inarukaruka, meno yanabana. Wazee wanasema ndege wa usiku amepita juu yake, na wanaongeza neno lililoua watoto wengi: akichomwa sindano atakufa. Basi anapelekwa kwanza kwa mganga kufukizwa, mara nyingi kwa kinyesi cha tembo, na kuchanjwa chale.

Wanaoamini hivyo si wajinga, wameona kwa macho yao. Degedege nyingi za homa, kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, huisha zenyewe ndani ya dakika chache. Mtoto akifukizwa dakika ya tatu, ya tano anatulia, na mganga anapata sifa. Lakini degedege nyingine ni malaria iliyopanda kichwani, na hiyo haitulii. Huyo anakaa kwa mganga siku nzima, anafikishwa hospitali usiku akiwa hajitambui, anachomwa sindano, anakufa alfajiri. Kitu cha mwisho ambacho familia ilikiona ni sindano. Wanaopona wanahesabiwa kwa mganga, waliochelewa wanahesabiwa kwa sindano. Isitoshe, zamani sindano yenyewe ilikuwa ya kwinini, iliyochomwa takoni. Ikikosewa mahali iligusa mshipa wa fahamu na mtoto alibaki akiburuza mguu, au palijaa usaha. Hofu ile ilikuwa na mguu wa kuonyesha.

Leo dawa ni artesunate. Utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, na kutolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya watoto wenye malaria kali kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto. Hata hivyo malaria ya kichwa huua mtoto mmoja kati ya watano au sita hata akitibiwa, kwa hiyo saa zinazopotea njiani ndizo zinazoamua.

Nyumbani fanya hivi. Mlaze mtoto ubavu, chini, mbali na moto na vitu vigumu, ili mate na matapishi yatoke. Legeza nguo. Usimtie kijiko, kidole, maji wala dawa mdomoni. Meno yatavunjika au atapaliwa. Usimbane asitikisike. Tazama saa, kwa sababu watu wakiogopa huona dakika mbili kama nusu saa: zikipita tano bado anatikisika, ni dharura ya kuondoka hivyohivyo. Akitulia bado mpeleke, kwa kuwa nyumbani hakuna awezaye kutofautisha degedege ya homa na ile ya malaria kichwani. Homa ya kawaida anaweza kupewa parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, ila akiwa macho na anameza vizuri. Inampa nafuu, haizuii degedege.

Zahanati watamtoboa kidole na kusoma kipimo cha haraka baada ya dakika 15 hadi 20. Kama hali ni mbaya na hospitali iko mbali, mtoto wa chini ya miaka sita anaweza kuwekewa artesunate njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kilo. Wengi hukosea hapa: mtoto anachangamka njiani, familia inageuza bodaboda na kurudi nyumbani. Dozi hiyo ni ya kununua muda tu. Hospitali atapata sindano akifika, baada ya saa 12 na baada ya saa 24, kisha akiweza kumeza anamaliza dawa mseto kwa siku tatu. Watampima pia sukari, kwa maana malaria kali huishusha, na sukari iliyoshuka nayo huleta degedege.

Kuhusu bibi, kinachofanya kazi ni kupanga zamu. Usimwambie asifukize kamwe. Mwambie hospitali kwanza, ya kwetu baadaye, na umwambie kabla homa haijaja, wakati wa kupukuchua mahindi, si saa nane usiku mtoto akiwa amekakamaa. Akikubali, apewe kazi: yeye ndiye atakayeshika kadi ya kliniki na kufunga khanga mgongoni, wakati baba anampigia bodaboda na kutoa nauli iliyowekwa pembeni kwa ajili hiyo. Akitaka kufunga uzi mweusi mkononi mwa mtoto kabla ya kutoka, aufunge wakiwa njiani.